Mama Mapendo ndani ya redio

Magari mengi ya Uvira yametoka Japani, na redio zake zimekuja na desturi za kwao. Namba zake za FM zinaishia tisini. Vituo vyetu, pamoja na vile vya Bujumbura vinavyovuka ziwa bila kuulizwa karatasi mpakani, karibu vyote viko juu ya tisini. Mwenye gari huzungusha kitufe akasikia upepo, akazungusha tena, akasikia upepo ule ule. Halafu mtu humwambia: nenda kwa Thaddée.

Thaddée ana banda la mabati kando ya barabara kubwa, si mbali na daraja la Mulongwe. Kazi yake ni kuzipa redio hizo kitu cha kusema. Nyingine huzifungua, akaunganisha ndani yake kibao kidogo cha bluetooth, ili simu ya mwenye gari icheze muziki na kupokea maongezi bila waya. Kwa asiyetaka redio yake ifunguliwe, huchomeka modulateur kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni kidude kinachoenea kiganjani. Simu hukipa sauti, nacho huirusha sauti hiyo hewani kwa FM, mbali kidogo tu, redio ya gari ikaidaka kama inavyodaka kituo chochote.

"Ni kama kituo kidogo cha redio," huwaambia wateja. "Mtangazaji ni simu yako."

Ana mikono mizuri. Tone lake la risasi ya kuchomelea hukaa juu ya waya kama tone la umande, halimwagiki wala haliachi kovu. Watu wakimwuliza alijifunzia wapi, husema Bukavu, shule ya ufundi. Hakuwahi kusoma Bukavu. Alijifunzia kijijini Kiringye, nyuma ya nyumba ya mama yake, akiwa bado anavaa kaptula, akiziba mrija wa shaba uliokuwa unavuja mvuke.

Mama yake, Mama Mapendo, alikuwa anapika kanyanga. Hata leo anapika. Huchachusha mihogo na mahindi, huchemsha ndani ya pipa, na mvuke hupita kwenye mrija, hupoa, hudondoka ndani ya chupa ukiwa pombe inayoshika moto ukiigusisha kiberiti. Baba alipofariki, pombe hiyo ndiyo iliyomvalisha Thaddée na kumlisha, na ndiyo iliyomnunulia chuma chake cha kwanza cha kuchomelea waya. Mrija ukipasuka, watoto wengine walikimbilia mpira, yeye aliitwa. "Ziba hapa, fundi wangu," mama alimwambia, na jina hilo la fundi alilisikia kwanza kinywani mwa mama huyo, katikati ya moshi.

Mjini hakumwambia mtu habari hizo, isipokuwa Iddy.

Iddy ni dereva wa taksi, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu walioko Uvira tangu babu wa babu. Huegesha gari lake mbele ya banda la Thaddée akisubiri abiria, na mara nyingi wamekwenda Kiringye pamoja. Iddy hagusi pombe hata kwa kidole, lakini humwita Mama Mapendo "mama" bila kusita, naye mama amemwekea birika lake peke yake la chai, ambalo halijawahi kutiwa kitu kingine. Mtu aliyekaribishwa hivyo haoni kwamba kuna kitu cha kufichwa. Ndiyo maana Iddy hakuiona hatari mapema.

Fabiola aliingia katika maisha ya Thaddée kwa njia ya gari la baba yake. Mzee Dieudonné ni shemasi. Katika kanisa lao mtu anayekunywa pombe haruhusiwi kuimba kwaya, na anayeipika hata benchi la nyuma halimfai. Mzee alitaka nyimbo za dini zitoke kwenye simu yake na kujaa ndani ya gari, akaja na binti yake kwa sababu simu ilikuwa inamshinda.

"Papa, washa bluetooth."

"Niwashe nini?"

"Lete simu, papa." Akaichukua, akamgeukia Thaddée. "Gari ya papa itaonekana mu simu na jina gani?"

"Jina lenye unataka."

"Andika Shemasi."

"Fabiola!" baba akakemea, lakini alikuwa anacheka, na Thaddée akaandika Shemasi. Wiki iliyofuata Fabiola alirudi kusema kwamba Shemasi amepoteza sauti. Shemasi hakuwa na shida yoyote. Wote wawili walijua.

Siku Thaddée alipokwenda kuonekana kwa wazazi wa Fabiola, mtaa wa Songo, alivaa shati jeupe na kukaa wima. Mama Honorine, mama wa Fabiola, alimwuliza habari za kwao, akauliza habari za marehemu baba yake, kisha akauliza lile Thaddée alilokuwa analiogopa.

"Na mama yako iko?"

"Iko, mama. Kiringye."

"Mbona hatumuoni?"

Thaddée alifungua kinywa aseme mama analima. Ilikuwa kweli, hulima pia. Lakini aliona macho ya Mama Honorine yakisubiri, macho mema, macho ya mtu atakayesema basi twende tukamsalimie, na mbele yake akaliona pipa, na mrija, na walevi wa asubuhi chini ya paa la nyasi.

"Miguu," akasema.

Neno moja tu. Hakuongeza kitu. Lakini nyumba ile ilikuwa nyumba ya huruma, na huruma haiachi neno kama hilo liende zake. Kila Ijumaa wanawake wa kanisa walikutana hapo kwa Mama Honorine kuomba, na kuanzia Ijumaa hiyo waliomba kwa ajili ya miguu ya Mama Mapendo. Waliitaja kwa jina. Walimwomba Mungu aifungue, aitie nguvu, aiinue kitandani. Thaddée alikuwa anafika jioni kumsalimia mchumba wake, akawakuta wamefumba macho, akasimama mlangoni ameinamisha kichwa. Walipomaliza, alisema amina pamoja nao.

Mama Honorine alituma dawa ya kupaka. Thaddée aliipeleka Kiringye, akasema ni zawadi kutoka kwa Fabiola. "Ya kupaka wapi?" mama akauliza. "Popote," akajibu. Mama akajipaka mikononi, palipobabuliwa na mvuke miaka yote, akasema mtoto huyo ana moyo.

Mambo ya mahari yalisimamiwa na baba yake mdogo. Fabiola aliongea na Mama Mapendo kwa simu tu, salamu fupi, Thaddée akiwa kando. Kila alipotaka kwenda kumwona, Thaddée alisema barabara si nzuri, ngoja kidogo. Na harusi ilipokaribia, ikabidi upatikane uongo wa upande wa pili. Alimwambia mama yake kwamba hakuna sherehe, ni kusaini tu ku commune, mbele ya ofisa wa serikali, dakika chache, kisha siku moja atamletea bibi harusi Kiringye wale pamoja.

"Vizuri," mama akasema. "Nitachinja kuku." Hakuuliza tarehe. Kama angeuliza, pengine mambo yangekuwa mepesi zaidi kwa Thaddée, maana kudanganya mtu anayeuliza ni rahisi.

Kwa ajili ya harusi Thaddée alibuni jambo ambalo mji haukuwa umelisikia. Kawaida, katika msafara wa harusi kila gari hupiga wimbo wake, na mtu aliye kando ya barabara husikia kelele tu. Yeye alitaka msafara mmoja, muziki mmoja. Aliifungua modulateur, akaichomelea waya mrefu wa antena, akaubandika kwenye kioo cha gari la Iddy litakalotangulia. Akatafuta chini ya tisini mahali patupu kabisa, akazielekeza redio za magari yote hapo. Simu yake ndiyo ingekaa kwa Iddy, ikipiga nyimbo. Magari mengine yote, yakifuatana karibu karibu, yangeidaka.

Walijaribu siku moja kabla. Ilisikika vizuri mpaka gari la mwisho.

"Kaka, uko unaoa ao uko unafungua kituo cha redio?" Iddy akamtania.

"Vyote."

"Basi kesho minye ndiye mkurugenzi."

Thaddée alicheka. Hakukumbuka kwamba simu ile ile aliitumia wiki nzima kuwaonyesha wateja jinsi inavyojipokea yenyewe mtu akipiga, bila kuguswa. Hakuuondoa mpangilio huo.

Jumamosi msafara ulitoka Songo taa zikiwaka mchana, honi zikilia. Mpango ulikuwa kupita barabara kubwa mpaka Kavimvira, kugeuza, kisha kwenda kanisani. Iddy alitangulia na mpiga video, ambaye alikaa juu ya dirisha kiwiliwili chote kikiwa nje. Thaddée na Fabiola walifuata katika gari la pili, na dereva wa kukodi. Nyuma yao lilikuja Shemasi, na Mzee Dieudonné na Mama Honorine ndani yake. Halafu wanawake wa Ijumaa, kwaya, vijana. Kwaya ilikuwa inaimba ndani ya kila gari, wimbo ule ule, neno lile lile kwa wakati mmoja, na watu kando ya barabara waligeuka kutazama muziki unaopita bila kukatika. Fabiola aliegemea bega lake. "Umeweza," akamwambia.

Walikuwa wameshageuza Kavimvira wimbo ulipokatika. Ukawa kimya, ukasikika mlio mfupi, halafu:

"Allô! Allô! Thaddée! Unanisikia?"

Mama Mapendo huongea na simu kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Sauti yake ilijaa gari.

Kukawa kimya tena. Iddy alikuwa anajibu, lakini modulateur hurusha sauti inayotoka ndani ya simu tu. Ya mtu aliye garini haiirushi. Thaddée alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika msafara. Maneno ya Iddy yangebaki kwa Iddy. Ya mama yake yalikuwa kila mahali, naye mama hakuweza kumsikia mwanawe hata angepiga kelele.

"Nani? Iddy! Aah, Iddy wangu! Thaddée iko wapi? Mu gari ingine? Sawa, usimusumbue. Minye niko hapa ku kanisa."

Thaddée alinyoosha mkono kuizima redio. Fabiola akaushika.

"Acha."

Na hata angeizima, angeizima yao tu.

"Nimekuja na pikipiki. Kijana wa Luvungi ndiye alinipakia, ndiye aliniambia ndoa iko leo. Hapana, Iddy, sikukasirika. Thaddée aliniambia ni kusaini tu ku commune. Iko na haya juu ya wakwe zake, minye najua. Bale ni bantu ba kanisa. Sitaingia. Nitasimama inje, ku ukuta, nimuone akishuka na bibi yake, halafu narudi."

Dereva wa kukodi alikuwa ameinamia usukani kana kwamba barabara imekuwa nyembamba.

"Umuambie asiogope harufu. Wiki yote sikuwasha moto. Kanyanga yote nilihamisha kwa jirani. Nimeoga na sabuni mara mbili, kichwa pia. Nguo niliziweka mbali na moshi. Ukifika, unuse mwenyewe."

Kimya. Iddy alikuwa anasema kitu. Iddy ni mtu wa adabu. Mtu mzima akiwa na ugonjwa, huuliza hali yake. Alikuwa amesikia habari za ile miguu kwa wanawake wa Songo asubuhi hiyo, walipokuwa wanapamba gari, na aliziamini, akidhani ni ugonjwa wa karibuni.

"Miguu?" Mama Mapendo akasema ndani ya magari yote. "Miguu gani?"

Kimya.

"Miguu yangu ni mizima! Nalima nayo. Nani alikuambia?"

Sasa kimya kilikuwa kirefu. Thaddée alijua Iddy anamweleza nini, na alijua anamweleza polepole, akichagua maneno laini, na kwamba maneno hayo yote laini hakuna atakayeyasikia. Yangesikika majibu tu.

"Aaah," mama akasema hatimaye. Sauti ilikuwa imeshuka, alisahau kupaza. "Aliwaambia ni miguu."

Waliupita mti, wakapita duka, wakapita watoto wanaopunga mikono.

"Basi," akasema. "Basi, ni miguu."

Simu ikakatika, na kwaya ikarudi palepale ilipoachia, kwa furaha kubwa, katika kila gari.

Fabiola alikuwa ameutoa mkono wake. Alitazama nje. Aliposema, hakugeuka.

"Kila Ijumaa."

Thaddée alilegeza tai.

"Ulikuwa unasimama ku mlango, unasema amina."

"Fabiola..."

"Tukifika, weye ndiye utashuka kwanza. Uende umuchukue. Minye sitatoka mu hii gari mpaka nimuone iko mbele ya kanisa pamoja na weye."

Mbele ya kanisa hakuna aliyepiga honi. Magari yaliegeshwa moja baada ya jingine, milango ikafunguka polepole, na Thaddée akashuka katika suti yake mpya, akavuka uwanja peke yake huku watu wote wakimtazama mgongoni. Mama alikuwa kwenye ukuta wa ua, amevaa kitenge cha bluu, viatu mkononi ndani ya mfuko wa plastiki ili visishike vumbi. Alipomwona mwanawe anakuja kwake, alishangaa, akatabasamu, kisha akaona watu nyuma yake. Papo hapo akaegemea ukuta na kuunyanyua mguu mmoja kidogo.

"Mama, acha."

"Niache nini? Watu wanatuangalia." Akanong'ona bila kuchezesha midomo. "Ni mguu gani? Kushoto ao kuume?"

"Mama..."

"Uliwaambia ni gani?"

"Nilisema miguu."

"Yote miwili? Thaddée, weye utaniua."

Hapo ndipo angemwambia. Ilikuwa sentensi moja: wamesikia, mama, tembea. Lakini Mama Honorine alikuwa ameshafika, vazi lake la sherehe likiburuzika kwenye vumbi, amenyoosha mikono yote miwili, na Thaddée akasogea kumpisha.

"Mama Thaddée," akasema Mama Honorine. "Karibu sana. Nishike hapa. Tutembee polepole."

"Asante, mama. Hii miguu inanisumbua sana."

"Tunajua," akasema Mama Honorine.

Na wakaenda, mmoja anachechemea na mwenzake anamshika kiwiko, kwa mwendo wa mgonjwa wa kweli, wakipita mbele ya kila mtu aliyesikia kwamba miguu ile hulima. Watu walifungua njia. Walimsalimia kwa sauti za chini, mama karibu, mama pole, na Mama Mapendo aliitikia kwa kichwa, akiuma mdomo kana kwamba kila hatua inamchoma. Mwanamke mmoja wa Ijumaa hakuweza kuvumilia. "Bwana asifiwe," akasema, "maombi yamejibiwa, miguu imefika hata Uvira!" Wenzake wakainama kutafuta kitu kwenye mikoba yao. Mama Mapendo, ambaye hakujua, akamjibu kwa heshima, "Amina, mama. Musichoke kuniombea."

Thaddée alitamani ukuta wa kanisa umwangukie.

Waliapishwa. Alisema ndiyo pale inapotakiwa, Fabiola naye akasema ndiyo, lakini alimpa mkono wake kama mtu anayekabidhi mzigo wa mwenzake. Mama aliwekewa kiti mbele kabisa, na shemasi mwenyewe ndiye aliyekibeba.

Kwenye ukumbi Iddy alimfuata Thaddée nyuma ya masufuria.

"Kaka, nisamehe. Nilimuuliza tu miguu iko aje. Ilikuwa heshima."

"Najua."

"Minye nilifikiri inasikika kwangu tu. Nilisahau hiyo antena yako."

"Iddy, najua. Si weye."

"Na alisema nisikusumbue. Nilimutii." Iddy akatazama chini. "Wote walisikia?"

Nje, vijana wa gari la mwisho walijibu bila kujua kuwa wameulizwa. Mmoja alikuwa amechelewa kuleta soda, mwenzake akamwuliza sababu, naye akasema, "Basi, ni miguu," wakaangua kicheko.

Mama Mapendo alikaa mezani kati ya Mama Honorine na ukuta, miguu ameinyoosha mbele kama alivyoona wagonjwa wakifanya. Mama Honorine alimmiminia soda. Alimwuliza kama dawa waliyotuma ilimsaidia. Mama Mapendo alimtupia mwanawe jicho, akaelewa haraka, kama alivyokuwa anaelewa siku hiyo kila kitu isipokuwa kimoja.

"Imenisaidia sana, mama. Napaka kila asubuhi." Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, imejaa makovu yanayong'aa. Mama Honorine aliitazama mikono hiyo muda mrefu, halafu akaweka wake juu yake, na hakuuliza tena.

Muziki wa kucheza ulipoanza, wanawake walisimama, vitenge vikatikisika, wakaja kumzunguka bibi harusi. Watu wa Kiringye wanajua kwamba Mama Mapendo hukaa chini mwishoni kabisa katika kila harusi. Siku hiyo aliomba radhi, akaonyesha magoti yake, akapiga makofi akiwa amekaa. Thaddée, alipoinama kuokota leso, aliona chini ya meza. Miguu ya mama yake ilikuwa inacheza. Visigino vilikuwa vimetulia sakafuni, lakini vidole vilikuwa vinapanda na kushuka ndani ya viatu, havikukosea mdundo hata mmoja.

Aliponyanyuka alimkuta Fabiola anamtazama. Naye alikuwa ameona.

"Umuambie," Fabiola akasema. "Leo. Akitoka hapa bila kujua, watamucheka mpaka siku akikufa, na weye utakuwa unamuangalia tu."

Jua lilikuwa bado juu ya milima mama aliposema anataka kurudi kabla barabara haijawa tupu. Iddy angempeleka. Gari lilikuwa upande wa pili wa ua, na wageni walikuwa wamekaa nje kwenye viti, kila mtu na sahani yake. Thaddée alimsimamisha mlangoni, upande wa ndani. Fabiola alisimama pamoja nao, ameshika mfuko wa mama.

"Wakwe zako ni bantu bazuri," mama alikuwa anasema. "Wote wananisalimia kama wananijua zamani. Ulikuwa unaogopa bure."

"Mama. Walisikia."

"Walisikia nini?"

"Simu yako na Iddy. Ilitoka mu redio."

"Redio ya Iddy. Ndiyo, aliniambia iko mu gari."

"Ilitoka mu redio ya magari yote. Ni minye nilizifunga hivyo. Kwa ajili ya muziki."

Mama alimtazama kama anayesikiliza lugha ya mbali.

"Yote?"

"Yote."

"Na ya wakwe?"

"Na yao."

Aligeuka akatazama ukumbini, alipokuwa Mama Honorine anapanga sahani. "Huyu alinishika mkono tangu ku ukuta mpaka ku kiti."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anajua."

"Alikuwa anajua."

"Na minye ninachechemea." Alitoa kicheko kifupi, kikafa. Kisha akauliza kwa sauti ambayo Thaddée hakuwahi kuisikia kwake: "Na mambo ya sabuni? Nayo walisikia?"

Fabiola ndiye aliyejibu. "Walisikia, mama."

Mama Mapendo alishika ncha ya kitenge chake akajifunika uso. Thaddée alikuwa amemwona mama huyo akipika mbele ya askari, akipika mbele ya chifu, akimfukuza mlevi kwa mwiko, na hakuwahi kumwona akijificha. Pombe haikumtia haya hata siku moja. Haya hiyo aliibeba Thaddée peke yake miaka yote, akadhani ni ya mama, na leo ndiyo aliyokuwa amemkabidhi.

"Nisamehe, mama."

Mama alijifunua, akapangusa macho, akajinyoosha kitenge. Alitazama ua ulivyo mpana mpaka kwenye gari, na watu waliokaa pande zote mbili.

"Sasa nitembee namna gani?" akamwuliza.

Mama alimsubiri, kama alivyokuwa anamsubiri zamani amalize kuziba mrija. Alipoona hana la kusema, aliteremka ngazi peke yake, akapita katikati ya ua kwa miguu yake mizima, mgongo umenyooka, akitazama gari tu. Vijiko vilinyamaza. Yule mwanamke wa Ijumaa alifungua kinywa, akakifunga. Fabiola alikuwa ameshamfikia mama mkwe wake na kumshika mkono, na Thaddée alikuja nyuma yao wote wawili, bibi harusi wake na mama yake, bila kuthubutu kuwakaribia.